Bomba Linavuja, Sabuni Haitoi Povu: Utatuzi wa Matatizo ya Maji katika Nyumba za Tanga

Kabla hujaendelea kusoma, toka nje ukaitafute koki kuu ya nyumba yako, ile iliyo baada ya dira ya maji, kisha uifunge na kuifungua mara moja. Katika miaka niliyofanya kazi ya ufundi bomba hapa Tanga, nimeingia katika nyumba nyingi ambamo maji yalikwisha kufika kwenye magodoro na wenyewe wanahangaika na ndoo na matambara, ilhali koki ambayo ingeyazuia imefukiwa na mchanga nyuma ya ua au imeliwa na kutu hata haizunguki. Koki isiyoguswa mwaka mzima hushika, na hapa pwani hewa ya chumvi huharakisha jambo hilo. Ikiwa yako imeshika, usiilazimishe kwa spana ndefu, kwani shina lake hukatikia ndani. Itie mafuta, iache ilale, kesho yake uijaribu kidogo kidogo kwenda na kurudi, na isipokubali, ibadilishwe mapema. Ile iliyo kabla ya dira ni mali ya mamlaka ya maji, kwa hiyo ukiona ina kasoro, wape wao taarifa na waitengeneze wao.

Jambo la pili ni kwamba nyumba zetu nyingi hazina chanzo kimoja. Kuna bomba la mamlaka, linaloleta maji ya Mto Zigi kutoka Bwawa la Mabayani. Kuna simtanki juu ya mnara. Na baadhi ya nyumba zina kisima chenye pampu. Anayefunga koki kuu peke yake hushangaa kuona maji yanaendelea kumwagika, kumbe lita 1,000 zilizoko juu zinashuka zenyewe. Kila chanzo kina mahali pake pa kufungia, na kila mtu mzima wa nyumba, pamoja na msaidizi wa kazi, apafahamu.

Bomba limepasuka

Ikiwa maji yanafika kwenye soketi, kwenye taa za dari au kwenye vifaa vya umeme, anza na swichi kuu, nayo uizime tu iwapo unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu. Kisha funga koki kuu, funga koki iliyo chini ya simtanki, zima pampu, halafu fungua bomba lililo chini kabisa ya nyumba, kwa kawaida lile la uani, ili maji yaliyobaki ndani ya mabomba yatokee huko badala ya kutokea penye ufa.

Kama ni usiku na fundi hapatikani, tumia mpira wa ndani wa baiskeli. Mji huu ni wa baiskeli, na mpira uliochakaa haukosekani kwa jirani. Kata ukanda wenye upana wa vidole viwili na urefu wa mkono mzima, kausha bomba kwa kitambaa, anza kuuviringisha shubiri moja kabla ya ufa, na kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia. Uvute kwa nguvu mpaka uone mpira unakuwa mwembamba na rangi yake inafifia, kwa sababu kinachozuia maji ni ule mkazo. Endelea hadi shubiri moja kupita ufa, funga ncha zote mbili kwa waya, kisha fungua maji polepole. Utakuvusha usiku mmoja au miwili, usiuache mwezi. Watu wengi huviringisha tredi tepu juu ya ufa na kulaumu tepu inapovuja. Tepu ile kazi yake ni kwenye nyuzi za kiungo tu, na haiwezi kuziba kitu kilichopasuka.

Katika matengenezo ya kudumu ya bomba la PVC, kipande kibovu hukatwa na kipya huungwa kwa soketi mbili na gundi. Gundi hiyo haishiki penye unyevu. Ikiwa koki haifungi vizuri na maji yanaendelea kuchuruzika ndani ya bomba, chukua donge la mkate mweupe, toa ganda, ulisukume ndani kwa kidole. Litazuia maji kwa dakika unazohitaji kupaka gundi na kuunga, na baadaye litalainika na kutoka kwenye bomba ulilolivua kichujio chake. Subiri gundi ikauke kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kurudisha maji, hata kama wote nyumbani wanataka kuoga.

Sasa jiulize kwa nini lilipasuka. PVC iliyoachwa juani kwenye paa au ukutani hupauka na kuwa kavu kama ganda, hivyo hupasuka kwa kugongwa kidogo tu. Iliyo nje ipakwe rangi au ifunikwe. Bomba la chuma huoza kutoka ndani, na ukiona limetoboka mahali pamoja, usitumaini kwamba sehemu iliyosalia ni nzima. Ukisikia mshindo mkubwa ukutani kila pampu inapozimika au koki inapofungwa ghafla, ni maji yaliyokuwa yakikimbia yakasimamishwa kwa mara moja. Mshindo huo hulegeza viungo, na dawa yake ni kuyafunga mabomba vizuri ukutani na kuepuka koki za kukata ghafla kwenye njia yenye presha kubwa.

Bomba la barabarani linapopasuka, presha hushuka na tope huweza kuingia. Maji yakirudi yakiwa na rangi, usiyaache yapande kwenye simtanki. Yaache yatoke kwenye bomba la uani hadi yawe meupe, na ya kunywa yachemshwe.

Bili imepanda, lakini hakuna mahali panapoonekana maji

Funga mabomba yote, hakikisha hakuna anayeflashi choo wala simtanki inayojazwa, kisha kaitazame dira. Nyingi zina kigurudumu kidogo au pembetatu inayozunguka hata kwa mtiririko mwembamba. Ikizunguka, maji yanakwenda mahali. Funga koki ya kuingilia kwenye simtanki: dira ikisimama, tatizo liko kwenye boya la simtanki, ikiendelea, uvujaji uko kati ya dira na tangi, mara nyingi ardhini, na utauona kwa majani yaliyostawi mahali pamoja wakati wa kiangazi au kwa udongo usiokauka. Kumbuka kwamba kipimo hiki hakioni uvujaji ulio baada ya simtanki. Kwa huo, funga maji yanayoingia kwenye tangi usiku, weka alama ya kina cha maji, na uilinganishe alfajiri.

Mshtakiwa wa kwanza ndani ya nyumba ni choo cha kuflashi. Hakipigi kelele, hakilowanishi sakafu, na maji yake yote yanaishia shimoni bila mtu kujua. Mimina chai ya rangi, iliyokolea na kupoa, kwenye tangi la choo na usiflashi kwa dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini hauzibi: umezeeka, au umekaliwa na ukoga wa chokaa. Usugue, na ukiwa umekuwa mgumu kama kwato, nunua mwingine.

Usilidharau tone pia. Tone moja kila sekunde hujaza ndoo ya lita 20 kwa siku, yaani zaidi ya yuniti nusu kwa mwezi, kwa kuwa yuniti moja ni lita 1,000. Koki ya zamani huponywa kwa wasa mpya, yaani kile kipira cha ndani kinachozuia maji; ikivuja tena baada ya wiki, kiti cha wasa kimelika na koki nzima ibadilishwe.

Maji yanatoka kwa unyonge

Swali la kwanza ni: bomba moja au yote? Likiwa moja, fungua kichujio cha mdomoni, nawe utakuta mchanga na vipande vyeupe vya chokaa. Yakiwa yote, nenda juu. Koki ya chini ya simtanki huenda haikufunguliwa yote, au tope limekaa chini ya tangi na kufikia mdomo wa kutokea. Lakini pia kuna hesabu ambayo hakuna fundi anayeweza kuibishia: kila mita 10 za kimo hutoa presha ya baa 1 hivi. Simtanki iliyo mita 3 juu ya shawa itatoa takriban baa 0.3, na hakuna shawa ya bei kubwa itakayoongeza hapo. Inua mnara, panua bomba la kushukia, au weka pampu ndogo ya kuongezea presha baada ya tangi. Kufunga pampu ili ivute moja kwa moja kutoka bomba la mamlaka ni kosa, kwani hunyima majirani na huweza kuvuta maji machafu kupitia viungo vibovu.

Tangi limejaa, lakini bomba linatema, linakohoa, kisha linanyamaza? Hiyo ni hewa, nayo huingia kila tangi linapokauka kabisa, hasa pale bomba linapopanda na kushuka juu ya dari. Unga bomba la uani lenye presha na bomba lililogoma kwa mpira wa bustani, fungua yote mawili kwa dakika moja au mbili, na maji yatasukuma hewa kurudi kwenye tangi. Tatizo likijirudia kila mgao wa maji, wekewa bomba jembamba la hewa baada ya koki ya tangi, linalopanda juu kuliko kimo cha maji.

Pampu ya kisima inayonguruma bila kuleta maji ima imepoteza maji yake ya kuanzia, au futi vavu, ile vavu ya chini kisimani inayozuia maji yasirudi, haishiki. Izime mara moja. Pampu inayozunguka kavu huunguza sili yake.

Sabuni haitoi povu: ugumu au chumvi?

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wa pwani wanapopoteza fedha nyingi kuliko penginepo. Sisi husema “maji ya chumvi” kwa maana ya maji yoyote ya kisima yasiyopendeza, lakini neno hilo hubeba maradhi mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu lingine.

Maradhi ya kwanza ni ugumu. Mvua hupenya ardhini, huchukua hewa ya kaboni iliyomo kwenye udongo, na maji hayo yenye uchachu kidogo huyeyusha mawe ya chokaa yanakopita, yakabeba madini ya kalisi na magnesi. Aliyeingia Mapango ya Amboni ameona jambo hilo kwa macho yake: zile nguzo zinazoning'inia darini ni chokaa iliyoyeyushwa na maji na kuachwa tone kwa tone. Ukoga mweupe ulioko ndani ya birika lako ni kitu hichohicho, isipokuwa moto umeuharakisha. Dalili zake ni sabuni ya mche kuganda badala ya kutoa povu, utando juu ya chai, maharage yanayokaa jikoni hadi mkaa unakwisha, na shawa inayorusha maji pembeni kwa sababu vitundu vyake vimeziba.

Maradhi ya pili ni chumvi yenyewe, ileile ya baharini. Kisima kilicho karibu na ufuo kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea chini ya ardhi na kuingia. Dalili yake ni ladha, na huzidi wakati wa kiangazi.

Mama mmoja aliniita kwake, akanionyesha mashine ya kulainisha maji ambayo bado ilikuwa na nailoni ya dukani. “Mwanangu,” aliniambia, “nimeweka chumvi kama nilivyoelekezwa, mbona chai bado naionja chumvi?” Nilimjibu, “Mama, mashine haina kosa, uliuziwa dawa ya ugonjwa mwingine.” Maji yake yalikuwa na chumvi ya bahari. Mashine ya kulainisha hubadilishana: ndani yake mna punje za resini zilizoshika sodiamu, ambazo huikamata kalisi na magnesi na kuiachia sodiamu iende na maji. Kwa hiyo haiondoi chumvi, na sodiamu huongezeka kidogo. Chumvi ya bahari huondolewa na mashine za kuchuja kwa utando, zile ziitwazo RO, ambazo ni ghali na kwa kawaida hutosha maji ya kunywa tu. Niliumia kwa ajili yake, kwa sababu kipimo ambacho kingemwokoa hakigharimu hata shilingi mia.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chukua chupa mbili zinazolingana, moja uitie maji yako hadi nusu, nyingine maji ya mvua. Kwangua sabuni ya mche kiasi cha ukucha kwa kila chupa, wala usitumie sabuni ya unga, kwani hiyo hutoa povu hata katika maji magumu. Tikisa mara kumi. Maji ya mvua yatajaa povu; yako yakibaki na ukungu mweupe na mabonge, ni magumu. Sasa chemsha maji yako dakika 10, yaache yatulie, uyamimine polepole na kurudia. Povu likiongezeka sana, ugumu wako ni ule unaoondoka kwa moto, na kwa maji ya kunywa na kupikia sufuria inakutosha. Mwisho onja yaliyochemshwa: chumvi ikiwa bado ipo, hakuna mashine ya kulainisha itakayoiondoa.

Kabla ya kununua mashine, pata namba kutoka maabara ya maji. Kwa hesabu ya kabonati ya kalisi, chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini, kutoka 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Namba hiyo ndiyo inayoamua ukubwa. Lita 25 za resini huweza kukamata takriban gramu 1,250 za ugumu kabla ya kuchoka. Kwa maji ya miligramu 300, hizo ni kama lita 4,100, na nyumba inayotumia lita 600 kwa siku itaimaliza nguvu yake kabla ya siku ya 7. Basi ipangwe ijioshe kila siku ya 6, yaani ipitishe maji ya chumvi kwenye punje ili zishike sodiamu upya, kwa kilo 3 hadi 4 za chumvi kila mara. Jua pia kwamba mashine nyingi huhitaji presha ya baa 1.5 au zaidi, hivyo tangi la kwenye mnara peke yake halitaisukuma.

Mashine ipo, lakini maji bado ni magumu

Angalia kwanza kama chumvi inapungua kwenye pipa lake. Isipopungua, ingiza mti ndani: mara nyingi utakuta chumvi imeganda ikawa kama dari na chini yake pako patupu, maji hayaigusi. Ivunje taratibu bila kupiga kuta za pipa. Ikiwa haijaganda, kile kitundu chembamba kinachofyonza maji ya chumvi kimeziba kwa mchanga. Hapa chanzo ni chumvi ya mashambani, kama ile ya Mkinga au Bagamoyo, inayotiwa bila kuoshwa. Chumvi hiyo ni nzuri kwa mambo mengi, lakini ile mbichi ina mchanga na magnesi, yaani inarudisha ndani ya mashine kitu kilekile unachotaka kukiondoa. Tafuta chumvi ya mawe iliyosafishwa, na usitumie ya unga ya mezani, ambayo hugeuka uji.

Ikiwa chumvi inapungua na maji bado ni magumu, kagua koki ya pembeni inayoyapitisha maji bila kuingia kwenye mashine, kwani fundi aliyepita huenda aliisahau wazi. Kisha tazama saa ya mashine: umeme ukikatika, zile za kizamani hubaki nyuma, zikajiosha saa 8 mchana mnapofua, na kwa muda huo maji magumu hupita moja kwa moja. Kisima chenye chuma hufunika punje kwa kutu, nazo huhitaji dawa maalumu ya kuosha resini au kubadilishwa. Punje ndogo za rangi ya asali zikianza kutoka bombani, kichujio cha ndani kimevunjika. Funga mashine, maji yapite pembeni, umwite fundi. Na maji yakiwa na ladha ya chumvi kila baada ya mashine kujiosha, presha ni ndogo au bomba la kutolea maji machafu limebanwa.

Acha bomba moja la jikoni lisipite kwenye mashine, hasa nyumba ikiwa na mtu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi. Bustani nayo ipate maji yasiyolainishwa.

Hita ya maji

Ikichelewa kupasha na kunguruma kama sufuria ya uji, elementi, ile inayopasha maji ndani ya tangi, imevaa ukoga. Vavu yake ya usalama ikidondosha kidogo wakati inapasha, ni kawaida. Kuiziba ni kulifanya tangi bomu. Ukihisi umeme hata kidogo kwenye maji ya shawa, toka, zima swichi kuu, na mtu asioge humo mpaka fundi umeme apime nyaya na waya wa ardhini.

Maji machafu yanarudi

Sinki moja likigoma, fungua trapu, ule mkunjo wa bomba ulio chini yake, ukiwa umekinga ndoo, uondoe mafuta yaliyoganda. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe sinkini kamwe. Lakini kama choo kinabubujika unapomwaga maji bafuni, zibo liko mbele, kwenye njia kuu. Zuia kila mtu kutumia maji, fungua chemba kuanzia ile iliyo karibu na nyumba: chemba kavu inaonyesha kwamba zibo liko kabla yake, iliyojaa inaonyesha liko baada yake. Zibua kwa fimbo ndefu za kuzibulia kutoka chemba kavu. Usichanganye dawa za kuzibulia, na hasa usitie asidi penye dawa ya klorini, kwa sababu gesi inayotoka huchoma mapafu.

Chemba zote zikiwa zimejaa, shimo limejaa, na wakati wa masika huweza kujaa kwa maji ya ardhini hata kama lilinyonywa karibuni. Hilo ni la gari la majitaka. Asiingie mtu shimoni kuokota kitu wala kuzibua bomba, hata kwa dakika moja, hata akifungwa kamba. Gesi iliyomo humwangusha mtu kabla hajapata kuita, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Ikiwa mtu amekwisha kuanguka, simameni upande unakotoka upepo, msiwashe kiberiti, zuieni mwingine kushuka, na pigeni 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.